Hizi orodha za majarida tunazowapa wanafunzi zinawasomesha au zinawafunga macho?

#1 MaalimTudor
Salaam wadau. Nafundisha historia ya Pwani, mwaka wa tatu. Kila muhula wanafunzi hupata kwangu orodha ya makala za majarida ya kitaaluma, nimezichagua mwenyewe, mbili kwa wiki. Nia yangu ilikuwa wasipotee mtandaoni wakaniletea vitu vya kuokota.

Sasa nimesahihisha insha za muhula huu na nikifunika majina siwezi kujua nani kaandika nini. Wote wananukuu wataalamu walewale wa historia ya pwani: aya ya kwanza Chittick, ya pili Allen, ya tatu Horton, halafu Kusimba, halafu "ni wazi kwamba wataalamu wametofautiana". Hawakunakiliana, programu ya kukagua haikushika kitu. Wamesoma kilekile, kwa mpangilio uleule, wakafika palepale.

Dai langu: orodha ya kutayarishiwa inamfanya mwanafunzi asitafute. Nafikiria kuiondoa kabisa muhula ujao. Karibuni mnipige mawe.

#2 BintiKibokoni
Maalim usiondoe, nakuomba! Mimi nafanya masta hapa hapa Mombasa. Ukiniondolea orodha umeniachia Google Scholar (ile ya kutafuta makala za kitaaluma) na bando langu la shilingi hamsini. Matokeo yanakuja maelfu, nikibonyeza moja inataka dola thelathini na kitu kwa makala moja ambayo sijui hata kama itanifaa. Orodha angalau naambiwa: anzia hapa.

#3 DereviMsomi
Swali la insha lilikuwa lipi?

#4 MaalimTudor
@DereviMsomi "Jadili mitazamo mbalimbali ya wataalamu kuhusu chimbuko la miji ya Waswahili."

#5 DereviMsomi
Haya. Umeagiza mitazamo mbalimbali, umeletewa mitazamo mbalimbali. Ulitaka walete nini, biriani?

#6 MkutubiMvita
Wengi mnazungumzia mwanafunzi, mimi nauliza orodha yenyewe ilitungwa wapi. Nimekaa dawati la maktaba miaka, na ukinionyesha orodha ya mwalimu nitakwambia alikuwa amefungua hifadhidata gani.

JSTOR, ile hifadhidata ya majarida ya mtandaoni, kwa mfano, ilianzishwa 1995 ili maktaba zipunguze mzigo wa kuhifadhi matoleo ya zamani ya majarida. Ni ghala la kumbukumbu kwanza. Majarida mengi mle yana kile wanachokiita ukuta unaosogea: matoleo ya miaka mitatu hadi mitano ya karibuni hayaingii, yanabaki kwa mchapishaji. Kwa hiyo mwalimu akitunga orodha nzima humo ndani, inazaliwa ikiwa mzee, na asipoigusa tena kila muhula inazidi kuzeeka bila mtu kujua.

Maalim, makala changa kuliko zote kwenye orodha yako ni ya mwaka gani?

#7 MaalimTudor
2011. Lakini historia si dawa ya hospitali, haiishi muda.

#8 MkutubiMvita
Haiishi muda, ila mjadala unasonga. Chittick alichimba Kilwa na Manda, na kwa muda mrefu hoja ya kwamba miji hii ilianzishwa na wageni kutoka ng'ambo ilisimama kwa nguvu zake. Allen, Horton na Kusimba wakaivuta kuelekea wenyeji. Wanafunzi wako wakaishia hapo kwa sababu na orodha imeishia hapo.

Mwezi wa tatu 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa DNA ya kale ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara. Mtwapa imo, hapo hapo tunapopita tukienda Kilifi. Wengi wao zaidi ya nusu ya nasaba yao ni ya Kiafrika, na imepitia hasa kwa akina mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya Asia, na katika hiyo ya Asia asilimia 80 hadi 90 ni ya wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko ulianza kufikia takriban mwaka 1000. Kusimba mwenyewe ni mmoja wa waandishi. Na inasomwa bure, hata kwa simu.

Ingia darasani na hiyo moja tu uone kama insha zitafanana.

#9 ShekheWaMakadara
Mmegusa nasaba, uzi huu haulali leo! Mimi siku zote nasema sisi ni Washirazi, naambiwa ni hekaya za wazee. Sasa Nature hiyo.

#10 BintiKibokoni
Shekhe, wamepima mifupa ya Mtwapa, hawakukupima wewe. Tena wamesema akina mama ni wa hapa hapa. Kamsalimie nyanya.

#11 ShekheWaMakadara
🤣 Haya bwana.

#12 MwanaMkomani
Naja na upande wa sayansi ya bahari. Kwetu orodha ni lazima kwa sababu ya kutawanyika: kitu cha matumbawe kipo kwenye jarida la ikolojia, cha wavuvi kipo kwenye jarida la uchumi, cha mikoko kipo kwenye jarida la misitu. Mwanafunzi wa mwaka wa nne hawezi kuviokota vyote peke yake. Kwa hiyo mimi natoa orodha na sijutii.

Tatizo langu ni milango. Nusu ya nilichoweka kimefungwa, basi wanasoma ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo) peke yake na wananukuu kama waliosoma makala nzima. Nilikuwa na msichana mmoja anaandika kuhusu kupauka kwa matumbawe mwaka 1998. Kaandika kwa uhakika kabisa kwamba upaukaji ule "uliua matumbawe ya Kenya". Nikamwuliza, sehemu zote sawasawa? Spishi zote? Kimya. Ndani ya makala kulikuwa na jedwali linaloonyesha kila eneo peke yake, mengine yaliumia sana, mengine afadhali. Lakini jedwali haliingii kwenye ikisiri. Na dola thelathini hana.

Kwa hiyo Maalim, kabla ya kulaumu orodha jiulize wangapi wamezifungua hizo pdf.

#13 KijanaWaBuxton
Hivi mnalia nini? JSTOR ni bure Afrika nzima. Watu hawataki kusoma tu.

#14 MkutubiMvita
@KijanaWaBuxton siyo hivyo. Wana mpango wa taasisi zisizo za biashara za Afrika, kuingia kwa bure au kwa bei ya chini, lakini taasisi ndiyo inajisajili. Wewe kama wewe ukifungua akaunti yako unasoma mtandaoni hadi makala 100 kwa siku 30, bila kupakua, na si majarida yote. Research4Life nayo, mpango wa kuzipa nchi maskini majarida bure au kwa bei ya chini, ile iliyoanza na Hinari ya tiba mwaka 2002 kisha AGORA ya kilimo 2003, inapitia taasisi vilevile. Mwanafunzi akimaliza chuo leo, kesho mlango umefungwa.

#15 KijanaWaBuxton
100 kwa mwezi haziwatoshi? Nani hapa anasoma 100 kwa mwezi? Nyosheni mikono.

#16 BintiKibokoni
Zinatosha kama unachotaka kimo mle ndani. @MwanaMkomani nakuunga mkono, mimi pia nimewahi kuambiwa na msimamizi "nenda ukasome hii" na yeye mwenyewe hana pdf yake.

#17 FundiWaTasnifu
Ngojeni niwape siri za Mwembe Tayari. Mimi kazi yangu ni kuchapa, kupanga na kubana jalada tasnifu za watu. Napitisha marejeo mengi kuliko maprofesa wenu.

Hawasomi orodha yako, Maalim. Wanachukua tasnifu ya aliyewatangulia na kunyofoa kurasa za marejeo. Najua kwa sababu makosa husafiri nayo. Kirkman, yule aliyechimba Gedi na Ngome ya Yesu, kuna mtu zamani alimwandika "Krikman". Huyo Krikman nimemchapa kwa watu wasiojuana, vyuo mbalimbali, mmoja hata somo lake lilikuwa utalii. Mwaka uleule, ukurasa uleule, na koma iliyokosea mahali palepale.

Na siku hizi kuna mpya zaidi. Mtu anaiuliza akili mnemba impe marejeo kumi, inampa kumi safi kabisa, jina la mwandishi analolijua, jarida analolijua, na DOI (namba ya kufungulia makala mtandaoni) juu. Unabonyeza DOI inafungua makala ya ugonjwa wa ng'ombe. Makala yenyewe haijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Mimi siku hizi nazibonyeza zote kabla ya kubana, bila malipo, kwa sababu wakirudishwa wanakuja kunigombeza mimi.

#18 MaalimTudor
Krikman nimemwona kwa macho yangu muhula huu! Na kwenye orodha yangu Kirkman ameandikwa sawasawa.

#19 DereviMsomi
Basi hoja ya #1 imekufa. Hawakusoma orodha, wamesoma wenzao.

#20 MaalimTudor
Haijafa. Huyo ni mmoja. Waliobaki wamenukuu kurasa ambazo zipo kweli, nimezikagua.

#21 ChaiYaTangawizi
Naona mnaisakama orodha, mimi naitetea. Kuna ndugu yangu mhadhiri alilipa ada ya kuchapisha kwenye jarida fulani la mtandaoni, makala ikatoka baada ya siku chache bila mtu kuuliza hata nukta. Akafurahi. Ilipofika wakati wa kupandishwa cheo wakamwambia jarida lenyewe ni la kitapeli. Pesa imekwenda na makala hawezi tena kuipeleka kwingine.

Mhadhiri ananaswa hivyo, je mwanafunzi? Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alitunga makala ya uongo ya dawa ya saratani, yenye makosa ya waziwazi, akaituma kwa majarida 304 yanayosomwa bure. 157 yakakubali. Jarida la Science ndilo lililotoa habari yake. Sasa mwambie mtoto wa mwaka wa pili "nenda katafute mwenyewe".

#22 KijanaWaBuxton
Ndiyo maana kuna orodha ya Beall, ya majarida ya kitapeli. Waangalie humo, kama jarida limo walikimbie.

#23 MkutubiMvita
Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado, aliishusha orodha yake mwanzoni mwa 2017. Nakala zinazozunguka ni za watu wengine, wengine wanaongeza na kupunguza wanavyotaka. Mimi huwaelekeza watu DOAJ, ambayo ni orodha ya majarida ya kusomwa bure yaliyokaguliwa na kukubaliwa, ilianza Lund huko Sweden mwaka 2003. Lakini na wao wamewahi kupata aibu: baadhi ya majarida yaliyomeza uongo wa Bohannon yalikuwa mle ndani. Ikabidi 2014 wawaambie wote waombe upya, na 2016 wakaondoa majarida zaidi ya 3,000 kwa mpigo, mengi kwa sababu hayakuomba tena.

Kwa hiyo @ChaiYaTangawizi nakubaliana nawe nusu. Orodha inakinga, kama kuna mtu wa kuipalilia.

#24 KomboWaMvita
Mmezunguka mno, hamjasema la msingi. Orodha ni siasa. Anayeichagua ndiye anayeamua nani ni msomi na nani ni mtoa habari tu.

Mwaka 1928 walikaa mkutano hapa hapa Mombasa, wakaamua Kiswahili sanifu kifuate Kiunguja. Hapa Mvita! Tukaambiwa asanteni kwa ukumbi. Na orodha zenu ni hivyo hivyo, kuhusu sisi bila sisi. Maalim, kwenye orodha yako ya historia ya Waswahili, makala ngapi zimeandikwa kwa Kiswahili?

#25 MaalimTudor
Hakuna hata moja. Mtihani ni kwa Kiingereza, insha ni kwa Kiingereza, na nilipojaribu kuweka moja wanafunzi wakalalamika kwamba nawaongezea kazi ya kutafsiri nukuu. Wanafunzi wa hapa hapa, wengine wa Mji wa Kale. Sasa niambie kosa la nani.

#26 KomboWaMvita
La aliyepanga mtihani. Lipo jarida liitwalo Kiswahili, la Dar es Salaam, mizizi yake ni ya miaka ya 1930. Ipo Mulika. Ipo Kioo cha Lugha. Ipo Swahili Forum, hiyo inatoka Ujerumani na inasomwa bure. Watu wanaandika. Nyinyi hamuweki.

#27 MwanaMkomani
Kaka Kombo, hayo mengi ni ya lugha na fasihi. Ukitaka jedwali la joto la bahari kwa Kiswahili sijui utalipata wapi. Lakini hoja ya "kuhusu sisi bila sisi" naikubali: kwetu lipo jarida la sayansi ya bahari la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, Zanzibar, linatoka tangu 2002 na ni bure. Wanafunzi wangu wanaliona la daraja la pili kwa sababu halina jina la Uingereza juu. Unamlazimisha mtu asome utafiti uliofanywa Gazi, kilomita chache kutoka kwao, yeye anataka wa Australia.

#28 KijanaWaBuxton
Hilo nalo lipo AJOL, ile tovuti ya majarida ya Afrika, ya Nairobi?

#29 MkutubiMvita
Lipo AJOL, ila AJOL haiko Nairobi. Ilianza Uingereza 1998, tangu 2005 inaendeshwa kutoka Afrika Kusini. Si kila jarida mle ni bure, ila mengi ni bure, na ndiyo njia ya haraka ya kupata kazi za Waafrika ambazo Google Scholar huzizika ukurasa wa saba.

#30 ShekheWaMakadara
Naona Buxton anasahihishwa kila akifungua mdomo. Mnunulieni kijana viazi karai.

#31 KijanaWaBuxton
Bila mimi uzi ungekufa #12. Na pilipili ya ukwaju iwe ya kutosha.

#32 MamaAsha_Nyali
Hodi. Nafundisha elimu, si historia, lakini ugonjwa ni huohuo. Sikuiondoa orodha, niliipunguza. Natoa makala sita tu, na kila moja naandika mistari miwili chini yake: mwandishi anabishana na nani, na kitu gani hakukishughulikia. Halafu kila mwanafunzi lazima alete ya saba yake, inayopingana na mojawapo ya zile sita, na asimame darasani aseme kwa nini ameiamini. Tunaziweka kwenye kundi la Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni bure, kila mtu anaona ya mwenzake na hairuhusiwi kurudia.

Wengine wananiletea lulu. Mmoja aliniletea makala ya jarida moja la Nigeria inayobomoa kabisa makala niliyoipenda mimi miaka yote. Wengine wananiletea blogu ya mtu, na wengine wanaleta ripoti ya shirika na kuapa kwamba ni jarida. Ila wakiulizwa maswali na wenzao huwa wanajifunza tofauti upesi kuliko nikiwahubiria mimi.

#33 MaalimTudor
Mama Asha, darasa lako lina watu wangapi?

#34 MamaAsha_Nyali
Thelathini na kidogo.

#35 MaalimTudor
Mimi nina mia na arobaini, ukumbi wa viti mia. Wakisimama wote kueleza makala ya saba tutafika Ramadhani.

#36 MamaAsha_Nyali
Wagawe vikundi, mwanangu. Hata hivyo sikudai ni dawa.

#37 BintiKibokoni
Nisikilizeni upande wa mwanafunzi, hakuna aliyeugusa. Mwenzangu anasoma zile zile za orodha, anaandika vizuri, anapata alama zake. Mimi nikizunguka wiki nzima kutafuta makala moja ya ziada, nimeomba pdf kwa mwandishi kwa barua pepe (na huwa wanajibu, jaribuni), nimeisoma, nimeiingiza, napata alama zilezile. Mara nyingine pungufu, kwa sababu msahihishaji haijui hiyo makala na anaandika pembeni "chanzo?". Sasa kwa nini nitafute?

#38 DereviMsomi
Hapo umesema. Swali la mtihani na alama zake, ndilo nililosema tangu #3. Orodha mnaionea.

#39 MwanaMkomani
Ukipanga alama upya kesho, milango bado imefungwa. Tusidanganyane.

#40 KomboWaMvita
Na lugha bado ileile.

#41 FundiWaTasnifu
Na Krikman bado yuko hai.

#42 MaalimTudor
Nimewasikia wote, sijashawishika na mmoja. Nitakachofanya: orodha inabaki, nusu yake itakatwa, ya 2023 inaingia, na swali la insha linabadilika. Alama za kutafuta nitazipigania idarani, huko sina uhakika. Kombo, nitajie makala moja ya Kiswahili isiyozidi kurasa ishirini na nitaiweka wiki ya kwanza, wakilalamika nitawatumia namba yako.

#43 KomboWaMvita
Watumie. Nakutafutia leo usiku.

#44 MamaAsha_Nyali
Maalim, iweke orodha yenyewe hapa kwenye uzi watu waipitie. Mkutubi ana jicho.

#45 MaalimTudor
Kesho baada ya darasa, inshallah. Mkutubi, yale matoleo ya mwanzo ya jarida la Azania, ya kuanzia 1966, mnayo kwa karatasi? Mtandaoni nimegonga ukuta wa kulipia.

#46 MkutubiMvita
Tunayo kadhaa, ya mwanzoni mwanzoni, hayaazimwi nje. Njoo na barua ya idara, na usije Ijumaa adhuhuri, dawatini hutakuta mtu.